Pagume Haina Vidonge

Kwanza niwaambie, watu wa Zuriamba si wabaya. Ukilala njaa watakuletea injera, mkate wetu, ukifiwa watajaa uani mwako mpaka wewe mwenyewe ukose pa kukaa. Ila wana woga, na mtu mwoga anaweza kukutenda unyama huku anakuombea dua. Nasema hivyo mimi Demelash, mwenye gari la farasi, na asiyetaka kusikia atembee kwa miguu.

Debritu na mimi tumepakana ukuta. Ukuta wenyewe ni wa udongo na makapi, akipiga chafya kwake mimi huku namwombea afya. Alianza kuanguka kifafa akiwa msichana wa kuchota maji. Aliolewa, mume akamrudisha kwa mama yake kabla hata ya mavuno ya kwanza, kisha mama naye akafa. Siku moja alianguka jikoni juu ya moto, mkono wa kushoto ukaungua, vidole viwili vikashikana moja kwa moja. Vilivyobaki, lo, vinasokota uzi! Mwembamba, sawasawa, hauna fundo hata moja. Wanawake wa mji wetu wote wanakwenda kanisani wamejitanda mashuka meupe ya uzi wa Debritu. Uzi wake hawauogopi. Wanachoogopa ni mate yake.

Maana kwetu wanasema kifafa hupita kwenye mate. Kahawa ikiiva kwa Etiye Zenebech, mkubwa wa kina mama wa mtaa wetu, wanaitana nyumba kwa nyumba, na Debritu anapelekewa ya kwake mlangoni kwenye kopo la bati. Anainywa amekaa kizingitini, anasikiliza vicheko vya wenzake ng'ambo ya ua. Na kahawa kwetu si kinywaji tu, jamani. Inamiminwa mara tatu, ya kwanza, ya pili, na ya tatu ambayo jina lake ni baraka, na humo katikati ndimo watu wanamosemana, wanamopatana, wanamotafutiana wachumba. Asiyekaa kwenye kahawa ni kama hayupo mjini.

Watoto walimwita Kiberiti, kwa kuwa mtu akianguka sisi humwashia kijiti cha kiberiti tukamnusisha moshi. Akipita njiani wanapiga kelele, Kiberiti anakuja, ficheni mafuta ya taa! Nimewatishia mjeledi mara nyingi, wanakimbia wakicheka, kesho wapo palepale. Yeye alikuwa haangalii nyuma. Alikuwa akiniambia, Gashe, kama tunavyomwita mwanamume mkubwa, waache, angalau wao wananiita jina.

Vidonge vililetwa na gari langu mwenyewe. Mimi ndiye ninayebeba maboksi ya dawa kutoka barabara kuu hadi kituo cha afya, kwa sababu mvua ikinyesha hakuna lori linalothubutu kushuka bondeni kwetu. Mwaka ule alikuja mtoa dawa mpya, kijana anaitwa Sintayehu, mpole, miwani yake imefungwa kwa uzi. Akatangaza kwamba kifafa si pepo wala si mate, ni ugonjwa wa kichwa, na dawa yake ni kidonge kimoja kila siku jua likizama. Kidonge chenyewe ni cha bei ya kutupa, boksi zima halifikii thamani ya kuku. Nikamwambia Debritu aende. Alikataa, akakubali, akakataa tena, mwisho nikampakia garini kama gunia.

Hiyo ilikuwa Meskerem, mwezi wetu wa kwanza, maua ya njano yamejaa kila mahali. Sikukuu ya mwaka mpya ilikuwa imepita kidogo tu, na kina mama walikuwa bado wanatembeleana. Etiye Zenebech alipomwona anashuka garini na pakiti ya vidonge vya kumalizia mwezi mkononi, alisimama katikati ya njia akamwambia mbele ya watu, "Debritu, mimi sina chuki na wewe. Maliza mwaka bila kuanguka, na Meskerem ijayo utakunywa na sisi, kikombe kimoja na sisi." Sijui kama alidhani itawezekana. Debritu aliinama hadi kiunoni, kama tunavyoinamia wakubwa, na kutoka siku ile hakuwa na jambo lingine duniani.

Na hakuanguka! Kila mwezi ukiandama anakwenda dirishani kwa Sintayehu, anapewa vidonge vya mwezi, anarudi ameviweka kifuani. Jua likizama namsikia kupitia ukutani anakunywa maji. Ilipita miezi ya baridi, ikapita Pasaka, mvua ndogo ikaja ikaenda. Akaanza kunenepa. Akaanza hata kunitania, ananiambia farasi wangu Dama ana akili kuliko mimi kwa sababu yeye akichoka husimama. Nilifurahi, nisiseme uongo. Tangu mke wangu afariki hakuna mtu aliyekuwa akinitania.

Sasa sikilizeni upumbavu wetu, maana ni wetu sote. Mwaka wetu una miezi kumi na mitatu. Kumi na miwili ina siku thelathini thelathini, hakuna unaozidi wala kupungua. Wa kumi na tatu ni Pagume, kimwezi cha siku tano, kimekaa kati ya Nehase na mwaka mpya kama kipande cha nguo kilichomzidi fundi. Pagume mwenye nyumba hadai kodi. Pagume mwajiri halipi mshahara. Tumezaliwa tukaikuta hivyo, na hakuna anayeihesabu. Basi huko juu wanakopanga dawa walipanga ya miezi kumi na miwili, na Sintayehu akagawa ya miezi kumi na miwili, na sisi tukapokea, tukashukuru. Hakuna hata mmoja, msomi wala mwendesha farasi, aliyejiuliza Pagume watu watameza nini.

Debritu ndiye aliyegundua, Nehase ikiwa ukingoni. Aliwasikia watoto wanaimba wimbo wa mvua ya Rufaeli, malaika wa Pagume, akatoa pakiti kifuani akaiangalia. Vilibaki vya kufikia mwisho wa mwezi, basi. Alikuja mlangoni kwangu ameishika mkononi. Sintayehu alikuwa amemwonya toka mwanzo kwamba dawa hii haikatwi ghafla, ukiikata ugonjwa unarudi na hasira.

Nikafunga farasi, nikaenda kituoni. Sintayehu alifungua kabati akanionyesha. Tupu. Mzigo mpya ungeletwa Meskerem baada ya sikukuu, na dirisha lingefunguliwa hapo. Nilimfokea, nakiri nilimfokea sana. Nikamuuliza alisomea nini huko chuoni, kuhesabu hadi kumi na mbili?

Akavua miwani yake akaifuta. "Gashe Demelash," akasema, "mshahara wangu mwenyewe hauijui Pagume. Wiki nzima hiyo nakula kwa kukopa. Unadhani vidonge ndivyo vitakavyoijua?"

Nikaendesha mpaka mji wa barabarani, kwenye duka la dawa lenye vioo. Mwenye duka alicheka kwa upole. Alikuwa na sharubati za kikohozi za kila rangi, alikuwa na mafuta ya kuchubua uso, alikuwa na vidonge vya nguvu za wanaume mpaka mlangoni. Vile vya kifafa hana. Vinahitaji kibali maalumu, akasema, na vyenyewe ni rahisi mno, havilipi hata vumbi la rafu vinakokaa. Nikarudi na matope mpaka magotini, mikono mitupu. Basi ndivyo ilivyo. Dawa ikiwa ghali maskini haimudu, na ikiwa rahisi tajiri haiuzi.

Nikamweleza Debritu. Vidonge vilivyobaki alianza kuvivunja nusu nusu. Kisha akaniomba jambo. Alitaka nimchukue garini mchana kweupe, watu wote waone, tuseme anakwenda kuoga maji matakatifu ng'ambo ya bonde, kwenye chemchemi ya mbali ambayo watu wa kwetu hawaendi. Jioni nimrudishe kwa njia ya nyuma, aingie kwake, nimfungie kwa kufuli kwa nje. Asiwashe moto. Atakaa na shayiri ya kukaanga, mtungi wa maji na ndoo, mpaka Pagume ipite. Akianguka, aanguke asikoonekana. Asubuhi ya mwaka mpya nifungue, tuseme nimemrudisha usiku.

Nikamwambia ana wazimu. Nikamwambia, "Na ukifa humo ndani?"

"Nikifa nitakuwa sijaanguka mbele yao," akasema, na akacheka kidogo. Kisha akaacha kucheka. "Gashe, mwaka mzima nimejitunza kama yai. Siku tano tu ndizo zinataka kunirudisha kwenye kopo. Niapie kwamba hutafungua, utakachosikia usikie."

Nikaapa. Ningefanyaje? Mwacheni anayejua cha kufanya aje anifundishe.

Basi nikamfungia. Siku mbili za kwanza nilimsikia anasokota, ile sauti ndogo ya kijiti cha uzi kikizunguka, na mara mojamoja alikuwa ananisemesha ukutani kwa kunong'ona. Ananiuliza mvua imekatika? Dama amekula? Mimi najibu kama nazungumza na farasi, ili wapita njia wasishtuke, na wengi waliniona nimeanza kuchakaa akili. Hakuniambia kama anaogopa. Nilijua anaogopa, kwa sababu maswali yake yalikuwa hayana maana yoyote, alitaka tu nijibu.

Siku ya Rufaeli mvua ilishuka mchana. Kwetu mvua ya siku ile ni takatifu, watoto huvua nguo wakakimbia ndani yake, na watoto wa mtaa wote walikuwa uani mwangu na mwake, wanapiga yowe na kuimba. Miongoni mwao alikuwemo Meklit, mjukuu wa Etiye Zenebech, kasichana kembamba kenye meno ya mbele yaliyotoka. Mimi nilikuwa namfungua Dama hatamu. Ndipo nikasikia kisigino kinagonga ukuta. Kilikuwa kinagonga kwa mwendo ule ninaoujua, bila kusimama wala kupumzika.

Ufunguo ulikuwa mfukoni. Niliushika. Watoto wawili walikuwa wameanza kuutazama mlango wake, wanaulizana, mbona Kiberiti hayupo na ndani kwake kunagongwa? Nikiufungua mwaka mzima umekwenda na maji, nisipoufungua pengine yeye ndiye anayekwenda. Haki ya Mungu sikujua lipi. Nikachukua nyundo, nikakaa kwenye matope, nikaanza kupigapiga chuma cha gurudumu la gari, gurudumu ambalo halikuwa na kasoro yoyote. Nikapiga kwa nguvu zangu zote. Watoto wakacheka wakadhani nawapigia ngoma, wakacheza. Nilikuwa nalia, na mvua ilinisitiri.

Nilipoacha, ukuta ulikuwa kimya. Watoto wakatawanyika kwenda kula. Nikauegemea ukuta nikamwita jina, mara nyingi, kwa sauti ya chini. Kimya. Nikawa nimeshaingiza ufunguo kwenye kufuli aliposema. Sauti yake ilikuwa nzito, kama ya mtu mwenye chakula mdomoni.

"Gashe. Wameona?"

"Hawakuona."

"Basi usifungue."

Alianguka tena baada ya hapo, najua, ingawa hakuniambia. Asubuhi ya mwaka mpya nilipofungua alikuwa ameoga kwa maji yaliyobaki mtungini, amevaa nguo nyeupe, shavu limevimba upande mmoja. Akasema ni jino. Aibu ya maiti aijuaye mwosha. Akachuma maua ya njano nyuma ya nyumba, akashika njia kwenda kwa Etiye Zenebech, na mimi nyuma yake, kwa sababu siku ya mwaka mpya hata wanaume huingia.

Sakafu ilikuwa imetandikwa majani mabichi, ubani unafuka, mkate mkubwa umekatwa. Kina mama walimpisha akae katikati. Etiye Zenebech, msinidhanie nitamsema vibaya, alisimama mtu mzima yule akatangaza kwamba ahadi ni deni. Akamimina kahawa kwenye kikombe cheupe cha sini, kilekile alichotoka kunywea yeye, akampa kwa mikono miwili. Kahawa yetu tunatia chumvi. Mimi nilikuwa karibu, nikaona Debritu alivyoipokea, alivyoiangalia, na alivyomeza. Machozi yalimtoka palepale. Wakasema ni furaha, wakapiga vigelegele. Furaha ilikuwemo, sikatai. Lakini ulimi ule ulikuwa umetafunwa, na chumvi ni chumvi. Akaufuta ukingo wa kikombe kwa kidole gumba haraka haraka, akakirudisha. Akanywa na cha pili.

Wakamuuliza habari za chemchemi. Maji yakoje, baridi? Padri wa huko ni nani? Akajibu kwa maneno machache. Walitaka kumshika mikono, kumgusa bega, watu ambao miaka yote walimpungia kwa mbali. Na alikuwa anawaruhusu, uso wake umelegea kama wa mtoto aliyebebwa. Nikasema moyoni, haya, na iwe hivyo, nani ameumia?

Ndipo Etiye Zenebech, akipuliza makaa kwa ajili ya kahawa ya baraka, akasema sasa kwa kuwa ni sisi kwa sisi atatoa lake la moyoni. Meklit naye ameanza kuanguka. Ameanguka mara mbili msimu huu wa mvua, wakaficha, wakasema ni homa. Sintayehu alikuwa amewapa vidonge kabla kabati halijawa tupu, vingi, vya kutosha.

"Nimevimwaga chooni jana," akasema. "Vidonge na maji matakatifu haviendi pamoja, nyote mnajua. Kama Rufaeli amemfungua Debritu, atashindwa na mtoto? Demelash, sikukuu ikipita utatupeleka kwenye chemchemi hiyohiyo."

Wote wakaitikia amina. Mimi nilimtazama Debritu, yeye akawa anatazama majani sakafuni. Vile vidonge vilivyokwenda chooni vingemvusha Pagume mara ngapi sijui, na sitaki kupiga hesabu hiyo. Kikombe cha baraka kilikuwa kinamiminwa. Nilitamani anyamaze. Ndiyo, nilitamani anyamaze anywe, na mimi baadaye nimfuate yule mama faraghani nimweleze nitakavyojua. Nadhani yeye pia alilifikiria hilo. Kisha Meklit akaingia mbio kutoka nje, ana maua mkononi, anaimba, akajitupa mapajani kwa bibi yake karibu kabisa na makaa.

Debritu akakiweka chini kikombe alichopewa, kimejaa.

"Etiye," akasema, "sikwenda chemchemi. Nilikuwa kwangu, nimefungiwa. Vidonge viliisha, nikaanguka." Akafungua mdomo akautoa ulimi, ulivyo, umechanika na kuwa mweusi pembeni, akawageukia wote mmoja mmoja ili waone. "Mwaka mzima sikuanguka kwa sababu ya vidonge. Mrudishe mtoto kwenye vidonge. Na msimkalishe karibu na moto."

Mama mmoja aliangalia kikombe kilichokuwa mkononi mwake, akafuta midomo kwa shuka, shuka la uzi wa Debritu, mwingine akafanya hivyohivyo. Wakaanza kukumbuka wageni waliowaacha nyumbani. Etiye Zenebech alikuwa amemkumbatia mjukuu wake kwa mikono miwili na birika limebaki linachemka. Debritu akasimama, akaniinamia mimi, akamwinamia yeye, akatoka. Kahawa ya baraka haikunywewa.

Dirisha lilipofunguliwa, Etiye Zenebech alikuwa wa kwanza kwenye mstari. Meklit hajaanguka tena, anasoma, anaruka kamba, anakunywa kikombe chochote nyumba yoyote, kwa maana kina mama waliokuwepo siku ile waliapa kumsitiri, na kiapo chao wamekishika. Sintayehu siku hizi anajibana, kila mwezi anawaongezea kidonge kimoja au viwili vya akiba, huku wakubwa wake wakimwambia suala la Pagume linashughulikiwa. Debritu hajaitwa tena kwenye kahawa. Vile vikombe vya sini nimesikia vilichemshwa na majivu.

Mwezi ukiandama nawaona wote njiani kwenda kituoni. Debritu anatangulia, na nyuma yake Etiye Zenebech amemficha mtoto chini ya shuka, anatembea upande mwingine wa njia. Wakikutana dirishani yule mama huangalia chini. Debritu humsogelea, akamsalimu salamu zote kama inavyompasa mkubwa, kisha humuuliza hali ya mtoto kwa sauti ya chini kabisa, ili wenye mstari wasisikie.